Siri isiyojua Kiswahili

Mwaka juzi nilitakiwa niwe Mbezi, kituo cha mabasi cha Magufuli, kabla ya saa kumi na mbili alfajiri, niwahi basi la Korogwe. Simu ilikuwa mpya, na ndani yake nilikuwa nimepakua programu ya msaidizi wa sauti iliyosifiwa kwamba Kiswahili inakielewa. Usiku nikaiambia: "Niamshe saa kumi na moja alfajiri." Ikajibu, kwa sauti ya dada wa mapokezi, kwamba kengele imewekwa. Nikalala usingizi wa pono. Kilichoniamsha ni jua dirishani na kelele za muuza dagaa. Basi lilikuwa limeshaipita Chalinze. Kengele yenyewe ililia saa tano asubuhi barabara, na kwenye kioo imeandikwa 11:00.

Maneno iliyasikia yote. Ilichokosa ni kujua kwamba saa zetu tunaanza kuzihesabu jua linapochomoza, na kwamba mtu wa huku akisema saa kumi na moja alfajiri anaiona 5:00 kwenye kioo cha simu bila hata kufikiri. Hesabu ya kutoa sita, mtoto wa darasa la pili anaiweza. Na neno "alfajiri" lilikuwepo palepale kama shahidi, ila hakuna aliyemwita kizimbani.

Tangu siku ile, nikisikia kampuni changa imekuja na msaidizi "anayeongea kama mtu", huwa najiuliza swali moja kabla ya kumaliza bando langu kumpakua: huyu ni mtumishi wa nani?

Swali hilo ni la zamani kuliko kengele yangu. Mwaka 2003 DARPA, wakala wa utafiti wa wizara ya ulinzi ya Marekani, ilianza kufadhili mradi ulioitwa CALO, chini ya taasisi ya SRI International ya Menlo Park, California. Lengo lilikuwa kutengeneza karani wa kompyuta anayejifunza kazi za bosi wake. Herufi zile nne ni kifupisho cha maneno marefu ya Kiingereza, lakini waliozichagua walikuwa wanalichezea neno la Kilatini, calonis, mtumishi wa askari. Kwa hiyo tangu mwanzo ilijulikana anatumwa na nani.

Kutoka katika kazi ile ikazaliwa kampuni ndogo mwaka 2007. Waanzilishi wake walikuwa watatu: Dag Kittlaus, Adam Cheyer na Tom Gruber. Kampuni ikaitwa Siri. Hapa ndipo habari inapotuhusu zaidi ya wengi wanavyojua. Kittlaus alilipenda jina hilo kwa sababu Norway, alikowahi kufanya kazi, ni jina la mwanamke. Cheyer naye ameeleza hadharani kwamba alivutiwa na mambo mengine, na mojawapo ni maana ya neno hilo kwa Kiswahili. Walikuwa bado wanafanya kazi kwa kujificha, hawataki washindani wajue wanapika nini, basi siri ikawafaa.

Kwa hiyo msaidizi wa sauti aliye maarufu kuliko wote duniani ana jina ambalo bibi yangu angelielewa bila kutafsiriwa. Alipoingia rasmi kwenye iPhone mwezi Oktoba 2011 alikuja na Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Baadaye ameongezewa lugha nyingi, zikiwemo za mataifa yenye watu wachache kuliko mkoa wa Dar es Salaam na majirani zake. Kiswahili sijakiona kwenye orodha. Ni sawa na mtu kumwita mwanawe kwa jina la somo yake, kisha asimtumie hata kanga.

Sisemi haya kwa kununa. Napenda kujua jinsi jambo lenyewe lilivyotokea, kwa sababu huwa tunaambiwa kikwazo ni lugha yetu kuwa "ndogo" au "ngumu", na mimi naona sehemu kubwa ya jibu iko kwenye mauzo.

Siri ya kwanza, ile iliyotolewa Februari 2010 kama programu ya kupakua, ilikuwa mtendaji. Ulikuwa unaiambia unataka meza ya watu wawili mgahawa fulani, nayo inazungumza na huduma nyingine mtandaoni na kukuwekea. Tiketi, teksi, sinema, vivyo hivyo. Waanzilishi walikuwa na mpango wa kuipeleka pia kwenye simu za Android na BlackBerry. Haikufika hata miezi mitatu, Apple ikainunua, Aprili 2010. Mipango ya simu nyingine ikafa hapohapo. Ilipotambulishwa upya tarehe 4 Oktoba 2011, siku moja kabla ya Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, kufariki, ilikuwa imepata masikio ya watu wengi sana na mikono mifupi. Ilijua hali ya hewa, ilijua kuweka kengele, ilijua utani. Vingi ambavyo ile ndogo ilikuwa inavitenda, hii kubwa haikuvitenda.

Kittlaus akaondoka mwezi huohuo, Cheyer akafuata mwaka uliofuata. Pamoja na Chris Brigham wakaanzisha kampuni nyingine, Viv, ili wakamilishe walichokusudia mara ya kwanza. Mei 2016 Kittlaus akapanda jukwaani New York na kuionyesha. Katika maswali aliyoiuliza, moja limenikaa kichwani. Kwa lugha yetu lingekuwa hivi: kesho kutwa, baada ya saa kumi na moja jioni, karibu na daraja la Golden Gate, joto litazidi nyuzi sabini za Fahrenheit?

Likague swali hilo. Lina mahali, lina siku, lina saa, lina kipimo, lina ulinganisho. Wasaidizi wengine wa wakati ule wangekutajia hali ya hewa ya San Francisco ya leo na kunyamaza. Viv haikuwa na jibu la swali hilo lililoandaliwa na mtu. Ilichofanya ni kujiandikia yenyewe programu, hapohapo, ya kuunganisha vipande vyote vile mpaka jibu lipatikane, kisha ikalijibu. Fundi hakuandika njia, alimfundisha mtumishi namna ya kuitafuta mwenyewe. Kwangu hilo lilikuwa kubwa kuliko sauti nzuri yoyote ile. Na aliagiza pia ilipe deni dogo la vinywaji kwa rafiki yake, ikalipa.

Sasa lisome tena lile swali kama nilivyoliandika, kwa Kiswahili. "Saa kumi na moja jioni." Lau Viv ingesikiliza kwa masikio ya ile programu yangu, ingetafuta joto la saa tano usiku. Akili yote ile ya kujiandikia programu ingejenga nyumba nzuri kwenye kiwanja cha jirani.

Oktoba 2016, miezi mitano baada ya jukwaa lile, Samsung ikainunua Viv. Kazi yake ikaenda kuimarisha Bixby, msaidizi wa simu za Samsung. Watu walewale, wazo lilelile, mnunuzi mwingine.

Na si wao tu. Kampuni ya Evi, ya Cambridge, Uingereza, ilichukuliwa na Amazon mwaka 2012, miaka miwili kabla msaidizi wa sauti wa Amazon, Alexa, hajatoka. Facebook ikachukua Wit.ai Januari 2015. Google ikachukua Api.ai 2016. Microsoft ikachukua Maluuba ya Kanada 2017 na Semantic Machines 2018. Snips ya Paris, iliyokuwa inajivunia kwamba sauti yako haitoki nje ya nyumba yako, ilinunuliwa na Sonos, watengenezaji wa spika, Novemba 2019, na miezi michache tu mbele watu waliojenga vifaa vyao juu yake wakakuta mlango umefungwa.

Siwalaumu wauzaji. Teknolojia hii inakula fedha kama shamba la mpunga linavyokunywa maji, na mwenye fedha za kusubiri miaka kumi ni mmoja kati ya watano au sita duniani. Lakini kampuni ikishajengwa ili inunuliwe, lugha itakazozijua zinaamuliwa na anayetarajiwa kununua, naye anaangalia ni wapi simu zake za bei kubwa zinauzwa. UNESCO inasema wazungumzaji wa Kiswahili wamezidi milioni 200, na imetupa siku yetu, 7 Julai. Hesabu ya mnunuzi haihesabu vichwa.

Matokeo yake yanaonekana hata kwenye mitambo iliyotolewa bure. Septemba 2022 OpenAI ilitoa Whisper, mtambo wa kugeuza sauti kuwa maandishi, uliofunzwa kwa saa 680,000 za sauti. Kiingereza peke yake kilipata zaidi ya saa 400,000 zilizo na maandishi yake. Kiswahili hakikufika saa kumi. Kipindi cha salamu cha redio moja ya mkoa kinazimaliza hizo ndani ya wiki mbili.

Wapo waliojaribu kuziba pengo hilo kwa njia nyingine. Mwaka 2021 mradi wa Common Voice wa Mozilla ulipewa dola milioni 3.4 kwa ajili ya sauti za Afrika Mashariki, Kiswahili kikiwa mbele, na watu wakaanza kujitolea: unafungua simu, unasoma sentensi, mwingine anasikiliza na kuthibitisha. Nimechangia sauti yangu huko, sentensi hamsini hivi, nyingine za ajabu kabisa. Sauti hizo zimeachwa wazi kwa yeyote. Maana yake kijana wa Morogoro anaweza kuzitumia, na kampuni kubwa kuliko zote duniani nayo inaweza, na kati ya hao wawili ni mmoja tu mwenye mashine za kuzitafuna zote usiku mmoja. Hata hivyo nadhani ilikuwa sahihi kuzitoa. Kuficha kisima kwa kuogopa mwenye lori la maji kungewaacha na kiu wenye ndoo.

Lakini wingi wa saa hautatui kila kitu, na hapa ndipo ningependa vijana wanaoanzisha kampuni za namna hii Dar, Nairobi au Kampala wakae kidogo.

Chukua silabi moja tu, "si". Mama yuko ndani ya daladala, konda anapiga mlango, spika inalia, naye anaiambia simu: "Usimtumie Juma elfu hamsini." Kiingereza kina neno zima la kukataza, linakaa peke yake mbele ya sentensi, na mtambo ukiliruka utakuwa umeruka neno. Sisi tumelificha katazo ndani ya tumbo la kitenzi. Mlango ukigonga wakati wa "si", kilichobaki ni "umtumie", na elfu hamsini zimekwenda kwa Juma. Kosa la silabi moja katika mia, kwa wanaopima mitambo hii, ni ushindi mkubwa. Kwa mama yule ni ada ya mtoto.

Au chukua "ndiyo". Mtambo unauliza: "Hutaki kuendelea?" Mswahili asiyetaka anajibu "Ndiyo", yaani ndivyo, umesema kweli, sitaki. Anayetaka anajibu "Hapana, nataka". Mtambo uliotengenezwa Marekani ukavishwa kanzu ya Kiswahili unasikia "ndiyo" na kuendelea mbele kwa furaha. Kisha kuna "bado", ambayo si ndiyo wala hapana. Kuna "nakuja", inayosemwa na mtu anayeondoka. Kuna "asante" ya mtu aliyekaribishwa chakula, ambayo mwenye nyumba ndiye pekee anayejua kama ameshiba au anaona haya.

Na kuna salamu. Wasaidizi wote hawa wamejengwa juu ya amri: unamwita jina, unatoa amri, anatekeleza. Nimewahi kumkabidhi simu mzee mmoja wa Pangani ajaribu. Akaisogeza mdomoni, akakohoa kidogo, akasema: "Hujambo mwanangu. Habari za hapo? Samahani nakusumbua." Mtambo ulikuwa umeshakata tamaa kabla hajafika kwenye shida yake. Ukisema tumfundishe mzee aongee kwa amri, utakuwa umegeuza nani ni mtumishi na nani ni bwana. Kwa umri, Siri ni ya 2010, mtoto wa shule; ilipaswa yenyewe ianze na shikamoo.

Hayo hayahitaji mabilioni ya dola. Yanahitaji mtu aliyekaa kibandani kwa wakala akasikiliza watu wanavyoomba. Kampuni changa ya kwetu ikishindana na California kwenye "ongea nami chochote" itapigwa. Ikichagua kazi moja, kama kutuma na kutoa pesa, kupanga miadi ya zahanati, au kuuliza bei ya mahindi soko la Kibaigwa, na kuifanya kwa Kiswahili chenye saa zake, makatazo yake na adabu yake, hapo mkubwa hatasumbuka kuja haraka. Ile Siri ndogo ya Februari 2010 ilipendwa kwa sababu hiyohiyo: ilikuwa inamaliza kazi.

Tena uwanja umeshalimwa. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwezi Machi 2007, mamilioni ya watu wetu wamekuwa wakizungumza na mashine kila siku. Unabonyeza nyota, namba, reli, mashine inauliza, unajibu kwa tarakimu, inauliza tena, mpaka inathibitisha. Hayo ni mazungumzo. Ni ya kibubu, lakini yamejengwa kwa uangalifu kuliko wasaidizi wengi wa sauti: kabla pesa haijaondoka, mashine inakutajia jina la mpokeaji na kukusubiri. Anayejenga msaidizi wa sauti angeanzia hapo, na kuutunza huo ukimya wa kusubiri kama mboni ya jicho.

Kuhusu kusikilizwa sitasema mengi. Julai 2019 gazeti la The Guardian liliripoti kwamba wafanyakazi wa mkataba walikuwa wanasikiliza vipande vya mazungumzo ya watumiaji wa Siri ili kupima ubora wake, na humo mlikuwa na habari za wagonjwa na za chumbani. Apple ilisimamisha zoezi hilo na kuomba radhi, na mwishoni mwa 2024 ikakubali kulipa dola milioni 95 kumaliza kesi kuhusu sauti zilizonaswa bila ridhaa. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania ilipitisha yake 2022. Sheria zipo. Ila mteja wa msaidizi wa Kiswahili hatakuwa mtu wa kusoma kurasa arobaini za masharti. Atakuwa mtu kama shangazi yangu.

Shangazi anaishi Korogwe, ndiye niliyekuwa namfuata siku ile. Macho yamepungua, herufi za menyu haoni, lakini voisi anatuma kumi kwa siku, ndefu, zenye kuku na adhana ndani yake. Nilipofika hatimaye, siku moja baadaye, alinichukua twende kwa wakala akatoe hela nilizomtumia. Kijana wa kibandani akaishika simu ya shangazi, akabonyeza nyota na namba kwa kidole gumba bila kutazama, akafika mwisho, akainua uso.

"Namba ya siri, bibi?"

Shangazi akatazama foleni nyuma yetu, watu wanne na mtoto mwenye miwa. Akainama kwenye kidirisha, akaziba mdomo kwa ncha ya kanga, na kuitaja, tarakimu moja moja, kwa sauti ambayo kila mmoja wetu aliisikia.

"Umeshika?" akamuuliza kijana.

"Nimeshika," kijana akasema, akabonyeza.